Kumtafutia mzazi makazi ya wazee Marekani: kila ngazi ya uangalizi inabeba nini na inaishia wapi

Wasemaji wengi wa Kiswahili walioko Marekani wanazijua nyumba za wazee kupitia kazi. Minneapolis, Dallas, Seattle au Worcester, si ajabu zamu ya usiku ikapokezana habari za wagonjwa kwa Kiswahili. Lakini anayejua kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumchubua ngozi si lazima ajue kusoma mkataba wa kumwingiza mama yake mwenyewe kwenye nyumba hizo, na kwa familia nyingi siku hiyo inakaribia. Mama aliyekuja kulea wajukuu amefikisha miaka 78, wajukuu wamekua, watoto wote wanashika zamu, na wa kubaki naye nyumbani hayupo.

Tatizo linaanzia kwenye vibao. Jengo lililoandikwa "senior living" linaweza kuwa la vyumba vya kupanga tu, halina nesi hata mmoja. Linaweza pia kuwa na mgonjwa anayelishwa kwa mrija. Anayekutembeza atakuonyesha ukumbi wa chakula, bustani na saluni. Unachokwenda kukinunua hakionekani katika matembezi hayo: ni mikono mingapi itamfikia mzee saa nane usiku, na ni hali gani ikimpata wataambia familia imwondoe. Kila ngazi ina dari yake. Linganisha dari kwanza, mazulia baadaye.

Anza na mzee, jengo lifuate

Wauguzi na kampuni za bima Marekani hupima uhitaji wa mtu kwa orodha mbili za zamani. Ya kwanza, iliyotolewa na Sidney Katz na wenzake mwaka 1963, ina mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kujihamisha kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Ya pili, ya Lawton na Brody ya mwaka 1969, inaangalia shughuli za kuendesha maisha: simu, manunuzi, kupika, usafi wa nyumba, kufua, usafiri, kumeza dawa kwa mpangilio, na fedha. Anayekwama kwenye orodha ya pili peke yake kwa kawaida anahitaji msaada wa saa chache. Akianza kukwama kwenye ile ya kwanza, hapo ndipo bei na ngazi hubadilika.

Chukua daftari, mfuatilie kwa siku saba, usiku ukiwemo. Kwa kila jambo andika moja kati ya haya manne: anafanya mwenyewe; anafanya akikumbushwa; anahitaji mtu mmoja wa kumshika; anahitaji watu wawili. Hiyo tofauti ya mtu mmoja na wawili ni kubwa kuliko inavyosikika, kwa sababu nyumba nyingi za ngazi ya kati haziruhusiwi, au hazitaki, kumpokea anayehitaji watu wawili au mashine ya kumwinua. Andika pia mara anazoamka usiku, mara alizoanguka katika miezi sita, na dawa zake zote na saa zake.

Familia hukosea sana hapa, na kosa lenyewe ni la heshima. Mzee wa kwetu akiulizwa na nesi asiyemjua, tena mbele ya watoto wake, kama anahitaji msaada chooni, atajibu hapana. Ataulizwa kama anaoga mwenyewe, atasema anaoga. Nesi anaandika, mzee anawekwa ngazi ya chini, na mwezi wa pili bili inapanda kwa sababu ukweli umejitokeza. Usibishane naye mbele ya mgeni. Mpe nesi nakala ya daftari lako faraghani kabla ya mahojiano, kisha omba amwone mzee akinyanyuka kitini na akitembea hatua kumi. Ukitaka kujua kama anaoga kweli, gusa sabuni na taulo jioni.

Mwenye demensia ana utata wake. Mikono yake inaweza kila kitu, ila hajui aanze wapi: atavaa shati vizuri kabisa ukimkabidhi, na usipomkabidhi atakaa na nguo ya kulalia hadi mchana. Mtu huyu kwenye fomu anaonekana anajitegemea. Andika wazi kwamba anahitaji kuanzishwa na kuelekezwa, hatua kwa hatua.

Ngazi ya kwanza: kuishi mwenyewe kati ya wazee wenzake

Hii ni nyumba ya kupanga yenye sharti la umri. Mzee anapata chumba chake, mara nyingi na mlo mmoja au zaidi, usafi wa kila wiki na basi la kwenda dukani. Majengo mengi huchukua wenye miaka 55 au 62 na kuendelea. Kwa mwenye kipato kidogo kuna majengo yanayosaidiwa na serikali ya shirikisho chini ya mpango unaoitwa Section 202, kwa wenye miaka 62 na zaidi, ambapo mpangaji kwa kawaida hulipa asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato. Foleni yake ni ndefu, hivyo jina liandikishwe mapema, katika majengo kadhaa kwa pamoja.

Ila humo hakuna anayemwangalia mtu. Kamba ya dharura iliyoko bafuni huita kituo cha simu au gari la wagonjwa. Haimleti mhudumu kutoka ghorofa ya chini. Mapokezi yenye dada mchangamfu yamewafanya wengi waamini kwamba mama asiposhuka kula, kuna atakayekwenda kumgongea. Uliza swali hilo moja kwa moja. Majengo mengine hupiga hesabu ya wazee kila asubuhi, mengine hayana mpango huo.

Ngazi ya pili: makazi ya kusaidiwa

Kibao chake ni "assisted living", na ndiyo ngazi inayowachanganya watu kuliko zote, kwa sababu hakuna sheria moja ya shirikisho inayoisimamia. Kila jimbo lina yake. Minnesota ilianza kutoa leseni maalumu ya makazi haya tarehe 1 Agosti 2021, ikiwa na aina mbili: ya kawaida, na ya kutunza wenye demensia. Huko nesi aliyesajiliwa lazima ampime mzee kabla ya kusaini mkataba au kuhamia, ampime tena ndani ya siku 14 baada ya huduma kuanza, kisha zisipite siku 90 bila kumpima upya. Texas inagawa kwa namna nyingine: aina A ni ya wazee wanaoweza kutoka wenyewe jengo likishika moto na wasiohitaji kuangaliwa usiku, aina B inapokea wanaohitaji kusaidiwa kutoka na kuangaliwa usiku. Ukiwa Houston, basi, swali la kwanza kwenye simu ni herufi ya leseni. Mzee anayeamka mara tatu usiku akitafuta choo, nyumba ya aina A haimfai, hata iwe na bustani ya namna gani.

Kwa wastani wa kati wa utafiti wa bei wa mwaka 2024 wa kampuni ya Genworth, ngazi hii ilikuwa dola 5,900 kwa mwezi nchi nzima. Lakini bei ya kwenye tangazo karibu kila mara ni ya chumba na chakula. Uangalizi huongezwa juu yake kwa mojawapo ya njia nne: bei moja inayojumuisha yote; ngazi za bei, kwa mfano moja hadi tano; pointi, ambapo kila msaada una pointi zake na pointi zina dola zake; au kila huduma na bei yake. Mfumo wa pointi ndio mgumu kuulinganisha, kwa sababu nyumba mbili humpa mzee yuleyule pointi tofauti.

Njia nzuri ni kuzipa nyumba zote mzee mmoja. Andika ukurasa mmoja unaomweleza kutokana na lile daftari: anahitaji mtu mmoja kuoga mara tatu kwa wiki, anakumbushwa kwenda msalani kila baada ya saa tatu, anatumia dawa tisa mara tatu kwa siku, anatembea na fremu. Upeleke katika nyumba tatu, na kila moja ikurudishie kwa maandishi jumla ya mwezi. Chukulia nyumba ya kwanza inatangaza dola 4,300: ukiongeza ngazi ya tatu ya uangalizi dola 1,150, kugawiwa dawa dola 475 na vifaa vya kuzuia haja dola 180, umefika 6,105. Nyumba ya pili iliyotangaza 5,700 kwa yote imekuwa ya bei nafuu. Uliza pia ada ya kuingia, ambayo mara nyingi hairudishwi, na kiasi walichopandisha bei katika kila mwaka kati ya mitatu iliyopita. Hicho wanacho kwenye barua walizowapelekea wakazi, wasikuambie hakipo.

Kugawiwa dawa kunastahili swali lake. "Kusimamia dawa" kuna maana kadhaa: kumkumbusha, kumfungulia kichupa, kumpa mkononi na kusubiri ameze, au kumchoma sindano. Mwenye kisukari anayepimwa sukari na kurekebishiwa dozi ya insulini kabla ya kila mlo anahitaji mtu anayeruhusiwa kisheria kufanya hivyo, saa zote za mlo, Jumapili pia. Nyumba nyingi zina nesi mchana wa siku za kazi tu. Uliza nani anachoma insulini Jumamosi jioni. Ukijibiwa jina la cheo, vizuri. Ukijibiwa "tutapanga", endelea kutafuta.

Kuhusu dari yenyewe, omba usomewe sehemu ya mkataba inayotaja sababu za kuondolewa. Zinazojirudia ni kuhitaji watu wawili kuhamishwa, kidonda cha mgandamizo kilichozama, mrija wa chakula, dripu, kutangatanga hadi nje ya jengo, kupiga wenzake au wahudumu, na kuishiwa fedha. Hiyo ya mwisho ndiyo huumiza. Nyumba nyingine hupokea Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, nyingine haipokei kabisa, na nyingine itampokea mwenye Medicaid ikiwa tu amelipa kwanza fedha zake kwa muda fulani, tuseme miaka miwili. Ahadi hiyo isiyoandikwa mkatabani haipo.

Kuna pia nyumba ndogo ndani ya mitaa ya kawaida. Jimbo la Washington lina leseni ya nyumba za familia za wazee zinazochukua hadi watu sita, au wanane kwa kibali maalumu. California nako nyumba za vitanda sita ni nyingi. Wamiliki wa baadhi ya hizi ni wahamiaji wa Kiafrika, Wakenya wakiwemo, na kwa mzee anayetaka uji asubuhi na mtu wa kumsalimia shikamoo hakuna jengo la vyumba mia moja litakaloshindana nazo. Udhaifu wake ni ule wa udogo: mhudumu mmoja akiugua, nusu ya wafanyakazi wa siku hiyo hawapo. Uliza nani anashika zamu mmiliki akisafiri, na kama wa usiku yuko macho au amelala chumba cha pili.

Uangalizi wa wenye demensia

Huitwa "memory care", na mara nyingi ni ghorofa au bawa moja ndani ya makazi ya kusaidiwa. Milango hufunguka kwa namba, au ina kufuli la kuchelewesha: ukiisukuma inapiga kelele na kufunguka baada ya sekunde 15. Bei hupanda juu ya ile ya kawaida, na kinachotakiwa kulipiwa ni wahudumu wengi zaidi kwa kila mzee pamoja na mafunzo. Kama idadi ya wahudumu ni ileile ya bawa la kawaida, unalipia kufuli.

Nenda saa kumi na moja jioni. Wenye demensia wengi huchafukwa na akili jua linapozama, na saa hiyo wahudumu mara nyingi wako jikoni. Tazama wazee wanafanya nini. Je, kuna anayekaa nao, au wamepangwa mbele ya televisheni? Anayezungukazunguka anaelekezwa kwa upole au anakalishwa kwa nguvu? Uliza kuhusu dawa za kutuliza: ni wangapi wanazitumia, nani anaruhusu, na familia inaarifiwa lini.

Familia ya Kiswahili ina jambo la ziada. Demensia inapokua, lugha ya pili hupotea mapema. Mama aliyefanya kazi kwa Kiingereza miaka kumi na tano anarudi kwenye Kiswahili, au kwenye Kihaya au Kimashi cha utotoni. Mhudumu asiyemwelewa ataandika kwamba ana fujo, kumbe anaomba kwenda msalani. Tengeneza karatasi ya maneno ishirini, yameandikwa kama yanavyotamkwa: maji, choo, inauma, baridi, nataka kulala, niache. Ibandike ndani ya mlango wa kabati, na nakala iwe kwenye faili lake. Ikiwa ni Mwislamu, mambo ya nguruwe, swala na nani anamwogesha yaandikwe kwenye mpango wa uangalizi wenyewe. Yakisemwa kwa mdomo siku ya kuhamia, mhudumu wa zamu ya usiku wa mwezi ujao hatakuwa ameyasikia.

Makao ya uuguzi

Hapa sheria ni ya shirikisho, tangu mageuzi ya mwaka 1987. Makao yanayopokea Medicare, bima ya serikali ya shirikisho ambayo hasa ni ya wenye miaka 65 na zaidi, au Medicaid lazima yawe na nesi mwenye leseni saa 24, na nesi aliyesajiliwa (RN), ambaye ni wa ngazi ya juu zaidi, angalau saa nane mfululizo kila siku ya wiki. Ndani ya jengo moja huwa na huduma mbili ambazo watu huzichanganya: ya muda mfupi, ya kurudisha nguvu baada ya hospitali, na ya kudumu. Gharama ya chumba cha kulala wawili, kwa utafiti uleule wa 2024, ilikuwa dola 111,325 kwa mwaka.

Medicare hulipia ile ya muda mfupi tu. Masharti yake: mzee awe amelazwa hospitali siku tatu mfululizo, bila kuhesabu siku ya kutoka, na awe anahitaji nesi au mtaalamu wa viungo kila siku. Siku 20 za kwanza hachangii. Kuanzia ya 21 hadi ya 100 anachangia, na mwaka 2025 mchango huo ulikuwa dola 209.50 kwa siku. Baada ya siku 100, basi. Na hakuna anayeahidiwa zote 100. Uhitaji wa kitaalamu ukiisha siku ya 26, malipo yanaisha siku ya 26.

Mtego mkubwa uko hospitali. Mzee anaweza kulala kitandani usiku nne, akavaa bangili, akaletewa chakula, na kwenye kompyuta akawa ameandikwa yuko "chini ya uangalizi", yaani hajalazwa. Usiku hizo hazihesabiwi kwenye zile siku tatu, na bili ya makao ya uuguzi inaangukia familia. Kila asubuhi muulize nesi au mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa hospitali: mama amelazwa rasmi, au yuko chini ya uangalizi? Akiwa wa pili, mwombe daktari aeleze kwa nini na kama inaweza kubadilishwa kabla hajatoka. Baadhi ya mipango ya Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi za bima, haidai siku tatu, lakini hudai kibali chake yenyewe.

Kupima ubora, tovuti ya Medicare ina nyota moja hadi tano kwa kila makao. Nyota zinatokana na vitu vitatu: ukaguzi, idadi ya wafanyakazi, na vipimo vya ubora. Anza na ukaguzi, kwani sehemu kubwa ya vipimo vya ubora inatokana na taarifa ambazo makao yanajaza yenyewe. Kisha soma ripoti nzima ya mkaguzi, fomu namba 2567, ambayo makao lazima yaiweke mahali wageni wanaweza kuisoma bila kuomba. Kila kosa lina herufi kutoka A hadi L. Kuanzia G mtu ameumia kweli. J, K na L ni hatari ya papo kwa papo. Makao yenye D kumi za makaratasi na friji yanaweza kuwa salama kuliko yenye G moja ya mzee aliyeachwa na kidonda. Angalia kama kosa lilelile linajirudia mwaka hata mwaka.

Kuna majengo yanayounganisha ngazi zote katika eneo moja. Mtu anaingia akiwa mzima, analipa ada kubwa ya kuingilia na ada ya mwezi, kisha anahama ndani kwa ndani. Mkataba wa aina A hupunguza mshtuko wa bei anapohitaji uuguzi. B hutoa kiasi fulani cha uuguzi kwa punguzo. C humtoza bei ya soko wakati huo. Mara nyingi anapimwa afya kabla ya kupokelewa, kwa hiyo kwa mzee ambaye tayari ana demensia mlango huu kwa kawaida umeshafungwa.

Nani analipa

Medicare hailipii kuogeshwa, kuvalishwa wala chumba katika makazi ya kusaidiwa. Watoto wengi hulijua hili baada ya kusaini. Medicaid ndiyo hulipia makao ya uuguzi ya kudumu kwa wasio na uwezo, na katika majimbo mengi ina mipango inayolipia huduma, ingawa si kodi na chakula, kwenye makazi ya kusaidiwa. Minnesota wake unaitwa Elderly Waiver. Kikomo cha akiba ni kidogo: majimbo mengi hukiweka dola 2,000 kwa mtu mmoja, Minnesota 3,000.

Anayeomba uangalizi wa muda mrefu hukaguliwa miezi 60 ya nyuma. Fedha au mali aliyoitoa bila kulipwa thamani yake humletea kipindi cha kunyimwa. Akiwa alimjengea mdogo wake nyumba kwa dola 40,000 miaka mitatu iliyopita, na jimbo linahesabu uuguzi kuwa dola 10,000 kwa mwezi, atakosa malipo kwa miezi minne. Kiwanja cha Kibaha au shamba la Kitale lililo kwa jina lake nalo huulizwa, na kulihamishia kwa kijana haraka haraka kabla ya kuomba ndiko hasa sheria inakokutafuta. Kabla ya kugusa chochote, mwone wakili wa masuala ya wazee.

Kwa mzazi aliyeletwa na mtoto kwa grini kadi, hesabu ni nyingine. Akiwa na miaka 65 na amekaa kihalali miaka mitano mfululizo anaweza kununua Medicare. Mwaka 2025 sehemu A, ya hospitali, ilikuwa hadi dola 518 kwa mwezi na sehemu B, ya madaktari, dola 185. Sehemu A ni bure kwa mwenye robo 40 za kazi, yaani miaka kumi hivi, zake au za mwenzi wake wa ndoa. Kodi zote ambazo mtoto amelipa hazimsaidii mama hapa. Medicaid ya kawaida nayo kwa wengi wenye grini kadi husubiri miaka mitano, ingawa baadhi ya majimbo yana mipango yao. Wazee waliokuja kama wakimbizi, wakiwemo wengi kutoka Kongo, hawakuwa na muda huo wa kusubiri, lakini sheria iliyotiwa saini Julai 2025 inawaondoa kwenye Medicaid ya kawaida kuanzia Oktoba 2026 wale ambao bado hawana grini kadi. Mwenye haki ya kuomba grini kadi asichelewe.

Kabla na baada ya saini

Omba ukae na mkataba siku mbili. Katika makao ya uuguzi, sheria ya shirikisho inakataza kumlazimisha mtoto awe mdhamini wa malipo kama sharti la kumpokea mzazi. Hata hivyo karatasi huletwa na mstari ulioandikwa "responsible party". Ukisaini, saini kama mwakilishi wa mama kwa hati ya uwakili, uandike hivyo pembeni ya jina lako. Hati hiyo itengenezwe mama akiwa bado na akili timamu. Demensia ikizidi, familia huishia mahakamani kuomba usimamizi. Karatasi ya kukubali kwamba magomvi yatakwenda kwa msuluhishi badala ya mahakama nayo haiwezi kuwa sharti la kupokelewa. Ikatae.

Kama nyumba ina nafasi za muda mfupi, mweke mzee wiki mbili au nne kwanza. Utajua kama anakula, na nyumba itajua mahitaji yake halisi kabla ya bei ya kudumu. Tembelea bila kuarifu, Jumapili alasiri. Bonyeza kitufe cha kumwita mhudumu kwa ruhusa ya mkazi, uangalie saa.

Akishahamia, shughuli haijaisha. Katika makao ya uuguzi una haki ya kuhudhuria kikao cha mpango wa uangalizi, na mkalimani hutolewa bure pale fedha za shirikisho zinapotumika. Mjukuu wa miaka kumi na mbili asigeuzwe mkalimani wa daktari. Kila jimbo lina mtetezi wa wakazi, "ombudsman", anayepokea malalamiko bila malipo na anayeingia kwenye makazi ya kusaidiwa na ya uuguzi pia. Ofisi yake na huduma nyingine za wazee za eneo lako utaelekezwa kwa simu 1-800-677-1116.

Utamhitaji zaidi mtetezi huyo pale mzee anapopelekwa hospitali na makao yakasema kitanda chake kimeshatolewa. Kwa makao ya uuguzi, kumwondoa mkazi kunataka sababu inayotambuliwa na sheria na kwa kawaida notisi ya maandishi ya siku 30 yenye maelezo ya kukata rufaa. Anayelipiwa na Medicaid ambaye muda wa kushikiwa kitanda umepita ana haki ya kurudi kwenye kitanda cha kwanza kitakachopatikana, alimradi bado anahitaji huduma ya makao hayo. Usikubali jibu la simu. Dai notisi, piga kwa mtetezi siku hiyohiyo, na mjulishe mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa hospitali asimpangie mama makao mengine kabla rufaa haijasikilizwa.